Nyumba Juu, Ardhi ya Nani? Kamati za Wamiliki wa Fleti Mbele ya Sheria

Mtu anaponunua fleti Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam hununua vitu viwili kwa pamoja, ingawa macho yake huona kimoja tu: hununua kuta zinazozunguka sebule na vyumba vyake, na hununua pia fungu katika vitu asivyoweza kujitenga navyo, yaani ngazi, lifti, paa, kisima, mashimo ya majitaka, geti, na zaidi ya vyote ardhi ambayo jengo zima limesimama juu yake. Kitu cha kwanza hulindwa kwa kufuli na ufunguo. Cha pili hakina mlinzi ila chombo cha pamoja, ambacho huitwa shirika la wamiliki, kampuni ya usimamizi au chama cha wakazi kutegemea nchi na mwaka jengo lilipoandikishwa, na ambacho huendeshwa na watu wachache waliochaguliwa na majirani zao kuwa bodi au kamati. Maoni yanayotetewa katika makala haya ni kwamba ugomvi mwingi unaozuka ndani ya vyombo hivyo, ambao kwa kawaida hubebeshwa tabia za watu, mara mwenyekiti mwenye tamaa, mara jirani asiyelipa, chanzo chake hasa ni cha kisheria: chombo hukabidhiwa wajibu wote wa jengo bila kukabidhiwa ardhi, na mara nyingine bila hata uwezo wa kusimama mahakamani kwa jina lake chenyewe.

Mkanganyiko huu una ukoo mrefu. Kenya, kwa sheria inayotawala kazi za mahakama zake, ilizipokea kanuni za Uingereza zilizotokana na hukumu za majaji kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu. Tanganyika ilifanya vivyo hivyo kwa kushika tarehe 22 Julai 1920. Miongoni mwa kanuni zilizoingia kwa mlango huo zimo mbili zinazohusu maagano ya ardhi, yaani ahadi ambazo mwenye kiwanja humpa muuzaji au jirani kuhusu namna atakavyokitumia. Ya kwanza ilitokana na shauri la Tulk dhidi ya Moxhay la mwaka 1848, lililohusu bustani ya Leicester Square jijini London, ambapo iliamuliwa kwamba anayenunua ardhi huku akijua kuwa mtangulizi wake aliahidi kutojenga juu yake hufungwa na ahadi hiyo. Ya pili ilitokana na shauri la Austerberry dhidi ya Oldham la mwaka 1885, ambapo mahakama ilikataa kumlazimisha mmiliki mpya kutimiza ahadi ya mmiliki wa zamani ya kuitengeneza barabara. Ahadi ya kutotenda jambo, basi, huifuata ardhi kila inapohamia, bali ahadi ya kutenda jambo, na hasa ya kutoa fedha, hukoma mara ardhi inapoingia mikononi mwa mtu mwingine.

Tofauti hiyo, inayoonekana kuwa ya darasani tu, ndiyo inayoamua nguvu za vyama vya wakazi katika mitaa ya nyumba zinazojitegemea, kila moja na uwanja wake. Chama cha namna hiyo kinaweza kumzuia jirani asikate kiwanja chake vipande vipande ikiwa sharti limo katika hati, na kinaweza kupinga mbele ya serikali ya kaunti ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi kwa mujibu wa sheria ya mipango ya mwaka 2019. Lakini kumdai mwenye nyumba mpya ada ya walinzi na ya taa za barabarani ambayo hakuiridhia ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa ibara ya 36 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema wazi kwamba mtu halazimishwi kujiunga na chama cha aina yoyote. Ndiyo maana vyama vingi vya mitaa hiyo huishi kwa hiari ya wanachama, na pale idadi ya wasiolipa inapokua, waliobaki hujikuta wakilipia ulinzi wa mali za watu wanaowacheka pembeni. Jambo hilo linaudhi, na si kosa la kisheria.

Kwenye majengo ya ghorofa hali hiyo isingevumilika hata mwezi mmoja, kwa maana pampu ya maji haiwezi kuendeshwa kwa hiari. Mawakili wa Kenya walitafuta ujanja, na ujanja wenyewe ulikuwa pango la muda mrefu. Kati ya mwenye ardhi na mpangaji wake, ahadi za aina zote mbili huwafunga pia wale wanaowarithi au kununua kutoka kwao, kwa hiyo mwendelezaji, yaani aliyejenga kwa ajili ya kuuza, hakuuza fleti moja kwa moja bali alimpangishia mnunuzi kwa muda wa miongo mingi, akaandika ndani ya mkataba wajibu wa kulipa ada ya huduma, kisha akaunda kampuni ya usimamizi ambayo kila mnunuzi alipewa hisa moja ndani yake. Ardhi yenyewe, pamoja na haki ya kurudishiwa jengo pango litakapokwisha, ilibaki kwenye hati mama, yaani hati ya kiwanja kizima, kwa jina la mwendelezaji, naye aliahidi kuihamishia kampuni hiyo mara fleti ya mwisho itakapouzwa.

Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoshindwa kutimizwa mara nyingi mno, na sababu zake si za uovu mtupu. Hati mama huwa imewekwa rehani benki iliyokopesha fedha za ujenzi, na benki haiachii hadi ilipwe. Kodi za ardhi za kaunti na za serikali kuu huwa zimelimbikizwa, nazo lazima zilipwe kabla ya uhamisho. Fleti mbili tatu hubaki bila kuuzwa kwa miaka, kwa hiyo fleti "ya mwisho" haifiki. Na wapo waendelezaji wanaotazama paa au maegesho na kuona nafasi ya kujenga zaidi. Katiba nayo iliongeza fundo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: chini ya ibara ya 65, asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa pango lisilozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia, hivyo mgeni mmoja anayenunua fleti moja na kupewa hisa yake anatosha kuifanya kampuni nzima ya usimamizi isiweze kupokea ardhi kwa umiliki usio na kikomo. Hatari nyingine iko upande wa wamiliki wenyewe. Kampuni isiyowasilisha taarifa zake za kila mwaka kwa msajili inaweza kufutwa katika daftari, na mali ya kampuni iliyofutwa huangukia Serikali. Kwa hiyo kamati iliyopigania ardhi kwa miaka na kuipata inaweza kuipoteza kwa sababu hakuna aliyekumbuka kujaza fomu.

Watu wa pwani ya Kenya hawahitaji kuelezwa sana hali hiyo, kwa kuwa wameishi nayo kwa jina la nyumba bila ardhi. Katika mitaa ya Mombasa kama Majengo, mtu alijenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine, akamlipa mwenye ardhi kodi ya ardhi tupu, na nyumba akaihesabu kuwa mali yake ya kurithisha, ilhali kanuni ya Kiingereza inashikilia kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Mazoea ya wenyeji na mafundisho ya fikihi yaliweza kutenganisha jengo na udongo. Daftari la serikali halikuweza, na kila ardhi ilipouzwa kwa mtu mpya wenye nyumba waligundua kwamba walichokiita mali kilitegemea subira ya mtu wasiyemjua. Mnunuzi wa fleti ya mamilioni huko Kilimani jijini Nairobi au Nyali jijini Mombasa, ambaye hati mama ya jengo lake bado iko kabatini kwa mwendelezaji, yuko karibu na hali hiyo kuliko anavyopenda kuamini. Ana pango lililosajiliwa, ambalo ni ulinzi mkubwa kuliko wa mkazi wa Majengo, lakini uamuzi kuhusu udongo, paa na nafasi iliyobaki wazi haujawa wake wala wa majirani zake.

Bunge la Kenya lilijaribu kulifungua fundo hilo mara mbili. Sheria ya mali za sehemu ya mwaka 1987 ilikuwepo vitabuni lakini haikutumiwa sana, na nafasi yake ikachukuliwa na sheria mpya, namba 21 ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo. Chini ya sheria hii mpimaji huandaa mpango wa sehemu, yaani ramani inayoonyesha kila fleti, ukubwa wake na matumizi yake. Mpango ukishasajiliwa, daftari la hati mama hufungwa, kila fleti hupata daftari na hati yake, na mali ya pamoja huwa ya wamiliki wote kwa mafungu yanayolingana na uzito wa sehemu ya kila mmoja. Papo hapo, bila mtu kuomba, shirika la wamiliki huzaliwa kwa nguvu ya sheria, likiwa na uwezo wa kushtaki na kushtakiwa, na kila mmiliki ni mwanachama wake kwa sababu tu ya kuwa mmiliki. Pingamizi la ibara ya 36 hupungua makali hapa, kwa kuwa anachonunua mtu si uanachama bali ni mali ambayo kwa umbile lake haigawanyiki. Shirika huendeshwa na bodi, huweka mfuko wa gharama, huwa na kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro, na linaweza kutunga kanuni za ndani, ila kanuni hizo haziwezi kumzuia mmiliki kuuza, kupangisha, kurithisha au kuweka rehani sehemu yake. Bodi inayojipa mamlaka ya kumkubali au kumkataa mnunuzi wa jirani inavuka mpaka huo.

Sheria hiyo ilitoa miaka miwili ili mapango yote ya zamani yaliyokusudiwa kumpa mtu umiliki wa fleti yabadilishwe yafuate mfumo mpya, na iliweka njia ya wamiliki kuendelea hata pale mwendelezaji anapokataa au asipopatikana, kwa kumpa Msajili wa Ardhi uwezo wa kusajili bila kuletewa hati mama halisi. Muda huo ulikwisha Desemba 2022. Majengo mengi yalikuwa hayajabadilishwa, na haishangazi, kwa kuwa ubadilishaji unahitaji mpimaji, wakili, ada, ridhaa za benki zilizowakopesha wamiliki mmoja mmoja, na mkutano wa watu ambao baadhi yao wako Doha au Minneapolis na fleti zao zinakaliwa na wapangaji. Kasoro kubwa ya sheria hii ni kwamba imemwekea mzigo wa kukamilisha mtu ambaye hakuusababisha. Mwendelezaji aliyekwishalipwa fedha zake zote haguswi na kuchelewa huko. Anayeguswa ni kamati.

Na kamati hiyo inapaswa kufanya kazi kila siku kana kwamba kila kitu kimekamilika. Pale ambapo kampuni ya usimamizi haikuundwa au imekufa, wakazi husajili chama chini ya sheria ya vyama, wakifungua akaunti ya benki na kujiona wamepata chombo. Lakini chama kilichosajiliwa hivyo, katika sheria ya Kenya, si mtu wa kisheria: hakiwezi kumiliki ardhi kwa jina lake, na kikienda mahakamani hakina budi kwenda kwa majina ya viongozi wake. Maana yake haionekani hadi siku ya matatizo. Mlinzi akifukuzwa bila kusikilizwa, kama kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinavyotaka, mwajiri wake ni nani? Mtunza jengo akianguka kutoka kwenye tangi la maji, fidia anaidai kwa nani? Jibu la wakili wake litakuwa jepesi, nalo ni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kwa majina yao matatu kama yalivyo kwenye vitambulisho. Hao ni watu waliojitolea jioni baada ya kazi, bila mshahara, na wengi wao wangejiuzulu siku hiyohiyo kama wangesomewa hatari hiyo kabla ya uchaguzi.

Ada ya huduma ndiyo uwanja wa vita wa kawaida. Bodi isiyo na uhakika wa nguvu zake za kisheria hukimbilia nguvu za mkono: hukata maji ya asiyelipa, huamuru bawabu asimfungulie geti, au hubandika orodha ya wadaiwa kwenye lifti na kuituma katika kundi la WhatsApp la jengo. Kila moja ya silaha hizo inaweza kumgeukia aliyeishika. Maji safi yametajwa katika ibara ya 43 ya Katiba kuwa haki ya kila mtu. Mwenye hati au pango hazuiliwi kuingia kwake kwa amri ya kamati. Na orodha ya madeni ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Njia halali ni ya polepole kidogo, nayo ni kulidai deni kama deni. Mahakama ya Madai Madogo, ambayo mamlaka yake hufikia shilingi milioni moja na ambayo imeamriwa na sheria imalize shauri ndani ya siku 60, ni mlango ambao bodi nyingi zingepaswa kuujaribu kabla ya kumtuma fundi bomba. Lakini anayedai lazima athibitishe kwamba yupo, kwamba bajeti ilipitishwa na mkutano uliotimiza akidi, na kwamba hesabu zilikaguliwa, na hapo ndipo kamati nyingi hugundua kwamba mdaiwa wao mkaidi ana hoja. Asiyelipa kwa ujeuri na asiyelipa kwa sababu hajawahi kuona hesabu hufanana kwa nje, na sheria ina haki ya kuwatenganisha.

Getini lipo jambo jingine linalopitwa kwa wepesi mno. Mlinzi anayeandika daftarini jina, namba ya kitambulisho na ya simu ya kila mgeni anakusanya taarifa kwa niaba ya wamiliki, na mmiliki wa daftari hilo anawajibika kueleza linakusanywa kwa nini, linahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Faini ya juu ya kiutawala chini ya sheria ya Kenya ni shilingi milioni tano au, kwa taasisi ya biashara, asilimia moja ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kwa kuangalia kiasi kilicho kidogo. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2022 yenye madai yanayofanana. Kamera inayotazama geti ina utetezi rahisi, inayotazama mlango wa jirani haina.

Kuhusu wajibu wa mwanabodi mmoja mmoja, mahakama za Marekani, ambako makumi ya mamilioni ya watu huishi chini ya vyama vya wenye nyumba, zimetangulia mbali, na hukumu moja ya Mahakama ya Juu ya California ya mwaka 1986 inastahili kusomwa na kila anayegombea uenyekiti. Mwanamke aliyetajwa kwa jina la Frances T., mmiliki katika makazi ya Village Green jijini Los Angeles, aliibiwa nyumbani mwaka 1980, akaomba taa za nje ziongezwe, na alipoona kimya akafunga taa zake mwenyewe. Uongozi ulimwamuru aziondoe kwa kuwa zilivunja kanuni za ndani. Zilipozimwa, usiku huohuo alivamiwa nyumbani, akanyang'anywa na kubakwa. Mahakama iliamua kwamba chama kinaweza kuwajibishwa kama mwenye nyumba yeyote anayepangisha, na kwamba wakurugenzi wake, ingawa ni watu wa kujitolea, hawawezi kujificha nyuma ya chama ikiwa wao wenyewe walijua hatari na wakashiriki katika uamuzi ulioiendeleza. Mwaka 1999 mahakama hiyohiyo, katika shauri la Lamden lililohusu mchwa, iliweka upande wa pili wa mizani: bodi iliyochunguza, ikatenda kwa nia njema na kwa maslahi ya jumuiya katika jambo la matengenezo, jaji hataingilia uamuzi wake kwa sababu tu yeye angechagua dawa nyingine.

Hukumu hizo haziifungi mahakama yoyote ya Afrika Mashariki, lakini malighafi ya kufikia matokeo hayohayo ipo. Kenya ina sheria ya wajibu wa mwenye kudhibiti eneo kwa wageni wake, na Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inamtaka mkurugenzi, pamoja na wa kampuni ya usimamizi ya jengo, atumie uangalifu na ujuzi wa kadiri na aepuke mgongano wa maslahi. Mjumbe wa bodi anayempa shemeji yake kazi ya kupaka rangi ngazi bila kutangaza undugu huo amevunja sheria hata kama rangi ni nzuri na bei ni ya chini.

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba hati zikikamilika matatizo yamekwisha, na hapo mfano wa Champlain Towers South unakataa. Jengo hilo la ghorofa 12 huko Surfside, Florida, liliporomoka usiku wa tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Chama chake kilikuwa kamili kisheria, bila shaka yoyote juu ya ardhi. Ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilikuwa imetaja uharibifu mkubwa katika zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea. Wanabodi kadhaa walijiuzulu mwaka 2019 katikati ya mivutano juu ya matengenezo. Na kufikia Aprili 2021 wamiliki walikuwa wakiandikiwa barua kuhusu mchango wa dola milioni 15 ambao wengi waliona ni mzito. Mwaka uliofuata Florida ilitunga sheria ya kulazimisha ukaguzi wa majengo ya fleti yanayofikia umri fulani na kuweka akiba ya matengenezo ya kimuundo ambayo wamiliki hawawezi tena kuifuta kwa kura. Fundisho lake kwa Nairobi, ambako wimbi la ghorofa za Kilimani na Kileleshwa lilianza miaka ya 2000 na lifti zake sasa zinazeeka, ni kwamba demokrasia ya wamiliki ina tabia ya kuahirisha gharama. Lakini Surfside kulikuwa na mtu wa kuandikiwa barua na mwenye uwezo wa kukopa kwa jina la wote. Jengo lisilo na shirika halina hata hilo.

Tanzania imefika katika suala hili kwa njia yake. Umiliki wa ardhi usio na kikomo ulifutwa mwaka 1963, na chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na mtu hupewa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa ghorofa nyingi za katikati ya Dar es Salaam zilikuwa na mwenye nyumba mmoja, dola, na hapakuwa na haja ya kufikiria kamati ya wamiliki. Sheria ya kumiliki sehemu ya jengo ilikuja mwaka 2008, miaka saba baada ya ile ya Uganda. Zanzibar na Rwanda zilitunga zao mwaka 2010. Swali ambalo litaikabili Tanzania zaidi kuliko Kenya ni la muda: haki ya kukalia ardhi inapokaribia kikomo, wa kuomba upya ni chombo cha pamoja, na kama hakipo au kina viongozi wawili wanaodai kiti kimoja, wamiliki mia watakuwa na hati zinazoelekea ukingoni bila mwombaji. Vilevile mjumbe wa serikali ya mtaa na mwenyekiti wa wamiliki hukutana kwenye geti moja, kila mmoja akidai mchango wa taka na ulinzi, na sheria haijawapangia nani aanze.

Kinachoweza kubadilishwa bila kusubiri Bunge ni tabia za wenye fedha. Benki inayomkopesha mnunuzi wa fleti ina nguvu ambayo mnunuzi hana, na ingeweza kukataa kutoa sehemu ya mwisho ya mkopo hadi mpango wa sehemu usajiliwe na mkutano wa kwanza wa shirika ufanyike. Wakili wa mnunuzi angeweza kushikilia katika akaunti yake sehemu ya bei kwa sharti hilohilo, na benki iliyokopesha ujenzi ingeandika tangu mwanzo kwamba itaiachia hati mama kipande kwa kipande kadiri fleti zinavyolipiwa. Mwendelezaji ambaye faida yake yote imo katika asilimia kumi ya mwisho hatasahau kumwita mpimaji. Yanayobaki yanahitaji sheria: adhabu kwa anayeshikilia hati mama baada ya kulipwa, akiba ya lazima kwa majengo yenye lifti, na bima kwa wanabodi inayolipiwa na mfuko wa jengo, ili anayepoteza jioni zake kwa ajili ya majirani asiwekewe nyumba yake mwenyewe rehani ya madeni ya wote.